Mlio Pennsylvania: kura yako ya kwanza ilikuwaje, na mtaa wako ulikwenda wapi? Tupeane uzoefu

Mwanatanga
Wakuu, habari za baridi. Niko Lehigh Valley, kaunti ya Northampton, mwaka wa kumi na nne sasa nabeba boksi, na kwangu si msemo: ghalani kwetu hakuna kingine ila maboksi. Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia, ndugu zangu wa Tanga wananipigia: "Wewe si uko hukohuko, nani anashinda?" Nikijibu sijui, wanaona nawabania. Lakini kweli sijui! Aliyeko California au Alabama anaweza kujibu swali hilo huku anasinzia. Sisi wa jimbo hili geugeu tunasubiri kama wengine.

Angalieni wenyewe. 2016 Trump alilichukua jimbo kwa kura 44,292, Republican wa kwanza kushinda hapa tangu 1988. 2020 Biden akalichukua kwa 80,555. 2024 Trump akalirudisha kwa kama 120,000. Na hapo wapigakura ni milioni sita, milioni saba. Kaunti yangu yenyewe imekwenda na mshindi mara zote tano za karibuni: Obama mara mbili, Trump, Biden, Trump.

Naanza na yangu. Nilipiga kura mara ya kwanza 2020, katika kituo cha zimamoto. Nilitoka shifti ya usiku nikaenda moja kwa moja, vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi, nikakuta foleni imeshazunguka kona. Mbele yangu mzee mwenye kofia nyekundu ya watu wa Trump, nyuma yangu binti mwenye beji ya Biden. Mzee akanimiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake. Hatukuongea siasa, tuliongea magoti yake.

Kazi ikaja baada ya kupiga. Jumanne usiku Trump anaongoza jimbo kwa zaidi ya kura 600,000, wenzangu wa zamu wakalala wameshinda. Kila wakiamka pengo limepungua. Jumamosi saa tano na nusu asubuhi Biden akatangazwa. Mmoja akaniambia wameiba. Nikamwambia ndugu yangu, habari za kura kuibwa usinifundishe, mimi nimezaliwa nazo. Nikamweleza: sheria ya hapa hairuhusu bahasha za posta kufunguliwa kabla ya saa moja asubuhi ya siku ya uchaguzi. Mwaka ule kura za posta zilikuwa takriban milioni 2.6, na kwa sababu ya korona waliozitumia wengi walikuwa wa Biden. Ukihesabu kapu la vituoni kwanza na kapu la posta baadaye, lazima usiku uone mmoja na mchana umwone mwingine. Hakunielewa. Tunaendelea kufanya kazi pamoja.

Masharti ya uzi: hakuna matusi, hakuna kampeni. Sema ulichokiona.

Nesi wa Bucks
Mimi ni Mkenya, mtu wa Nakuru, nesi wa zamu za usiku. Kaunti ya Bucks, hapo juu ya Philadelphia. Kwa sababu ya zamu huwa napiga kwa posta, haki ambayo jimbo hili lilimpa kila mtu kwa sheria ya 2019, zamani ilikuwa lazima utoe sababu.

Sasa skizeni aibu yangu. Ile karatasi ya kura inaingia kwenye bahasha ya ndani ya siri, halafu hiyo inaingia kwenye bahasha ya nje unayotia sahihi na tarehe. Oktoba 2024 nimejaza vizuri, nimetia sahihi, nimeposti, nimerudi nyumbani najisifu. Baada ya siku mbili napanguza meza ya jikoni, chini ya vitabu vya mtoto nikaona bahasha ya ndani imelala pale. Nilikaa chini kabisa. Huku kura bila bahasha ya siri haihesabiwi, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua hivyo tangu 2020.

Mungu si Athumani, kama wiki mbili hivi kabla ya uchaguzi mahakama hiyohiyo ikatoa uamuzi mwingine: ambaye kura yake ya posta imekataliwa kwa kosa kama langu anaweza kwenda kituoni apige kura ya muda, ile inayowekwa kando ihakikiwe kwanza, na ihesabiwe. Nikaenda Jumanne. Yule mama wa kituoni hakunicheka, alisema mimi ni wa tatu asubuhi ile.

Kuhusu mtaa: Bucks ilikwenda kwa Trump 2024, na tofauti ilikuwa mamia machache tu ya kura kaunti nzima. Mara ya mwisho kumpa Republican urais ilikuwa 1988. Kila nikikumbuka ile bahasha chini ya vitabu nachoka.

Halafu kitu kimoja kilichonishangaza kama Mkenya. Nyumbani 2022 tulikaa na simu tukijumlisha Fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, kutoka kwa tovuti ya IEBC, tume yetu ya uchaguzi, kila mtu ni mwenyekiti wa tume sebuleni kwake. Huku hakuna tume moja ya nchi nzima inayomtangaza mshindi usiku ule! Vyombo vya habari ndio wanapiga hesabu na kusema fulani ameshinda, watu wanakubali, kaunti zinathibitisha baadaye polepole. Bado sijazoea.

Kipepeo
Mimi sina hadithi ya kura, nina hadithi ya kutopiga. Nina grinikadi, uraia bado. Nje ya supamaketi kijana mwenye daftari akanikaba: jiandikishe, dakika mbili tu, kila kura ina maana. Nikamwambia mimi si raia. Akasema jaza tu, watakuchuja wenyewe. JAMANI MSIJAZE. Yule kijana anarudi kwao, wewe ndiye utakayekaa mbele ya ofisa wa uhamiaji kueleza kwa nini ulitia alama kwamba ni raia. Asiye raia akipiga kura ya rais ni jinai, na anaweza kufukuzwa nchini. Leseni ya gari nayo muwe makini, tangu Septemba 2023 ukienda kuichukua mfumo wa huku unakuandikisha kupiga kura moja kwa moja usipokataa. Wasio raia hawatakiwi kuingizwa humo, lakini mimi nilisoma kila mstari kabla ya kubonyeza.

Mtoto wa Uvira
Bandugu, mimi niko Erie. Kiswahili yangu ni ya kwetu, munisamehe.

Nilikimbia Uvira mwaka 1996, niko kijana wa miaka kumi na nane. Nikafika Kigoma, nikakaa kambi ya Nyarugusu. Mwaka 2006 batu ba Congo bakapiga kura, tulikuwa tunasikiliza kwa redio, mukimbizi hapigi. 2011, redio. Nikaletwa huku 2017, nikaapa uraia 2023. Basi 5 Novemba 2024 njo siku ya kwanza mimi kupiga kura katika maisha yangu, niko na miaka 46. Nilivaa suti. Bibi yangu, mama ya watoto, aliniuliza kama ninaenda harusi.

Na tazama Mungu alinipeleka wapi kupigia hiyo kura ya kwanza. Erie! Kaunti hii ilimupa Obama mara mbili, 2016 ikamupa Trump kwa kura hazifiki 2,000, 2020 ikamupa Biden kwa kura kama 1,400, 2024 ikarudi kwa Trump. Zone moja tu ya Nyarugusu iko na batu wengi kuliko hizo kura. Njo maana mulangoni kwangu walikuja kubisha mara tisa, nilihesabu. Mutu ambaye miaka yote hakuna mwanasiasa alimuuliza jina, sasa wananifuata mpaka kwa gereji. Sanduku ya barua ikijaa makaratasi yao, watoto wanachorea nyuma.

Nina jirani, muzee, alifanya kazi miaka thelathini kwa kiwanda ya vichwa vya treni, ile ilikuwa ya GE, Wabtec ikaichukua 2019. Kwa televizioni wanasema batu kama yeye ni ba Trump. Nilimuuliza. Akaniambia: Obama, Obama, Trump, Biden, Trump. Ni yeye mutu mumoja! Akasema kila mara anachagua mwenye kusema kiwanda itabaki, halafu miaka ine anaangalia. Hakuna chama kwa moyo wake, kuko kiwanda tu. Niliona sasa nimefahamu Erie.

Mwanatanga
Mtoto wa Uvira, hiyo suti imenitoa machozi hapa kazini, wananiuliza kulikoni.

Bibi Shamba
Lancaster hapa. Kwetu hakuna presha, kaunti ni ya Republican karibu siku zote, ingawa mji wenyewe ni Democrat. Nilichokiona ni Waamish wamefunga farasi na kigari chao nje ya kituo. Wengi wao huwa hawapigi kura. Hao walipiga. Basi.

Chwaka Boy
Assalaam aleikum. Philadelphia, kusini-magharibi. Nitasema na najua nitapigwa mawe. 2024 nafasi ya rais niliiacha wazi. Sababu ni Gaza, sina zaidi la kueleza. Nafasi nyingine zote nilijaza, seneta, mwanasheria mkuu wa jimbo, mweka hazina, mpaka wa chini kabisa. Zamani ilikuwepo alama moja unatia unachagua chama kizima, sheria ileile ya 2019 ikaifuta, kwa hiyo unakwenda jina kwa jina. Pale msikitini kwetu si mimi peke yangu.

Mzee wa Kemondo
Ndiyo nyie mliomwangusha Harris, mpinzani wa Trump. Asante sana.

Karani
Mzee wa Kemondo, shikamoo, lakini tufanye hesabu. Niko Pittsburgh, nimefanya ukarani wa kituo chaguzi tatu: kufika saa kumi na mbili asubuhi, kuondoka saa nne usiku, malipo hayatoshi hata kuyataja. Philadelphia nzima Harris alipata pungufu ya Biden wa 2020 kwa kura zaidi ya 30,000. Hao si wote walioacha wazi, wengi hawakutoka nyumbani, wengine walihamia upande wa pili. Tuseme warudi wote. Jimbo lilipotea kwa 120,000. Hazifiki.

Lakini teremka mstari mmoja kwenye karatasi hiyohiyo. Seneta Bob Casey wa Democratic alishindwa na Dave McCormick wa Republican kwa kura kama 15,000. Hapo ndipo zile 30,000 zilipouma! Tofauti ilikuwa chini ya nusu asilimia, na sheria ya hapa ikifika hapo kura zinahesabiwa upya bila mtu kuomba. Casey akakubali kushindwa tarehe 21 Novemba, wiki mbili na zaidi baada ya uchaguzi, watu wa Trump wameshasahau kama kuna kitu bado kinahesabiwa. Kwa hiyo Chwaka Boy, wewe uliyejaza seneta huna deni hapo. Aliyelala nyumbani ndiye wa kuulizwa.

Na nikiwa kituoni nimejifunza msimpangie mtu kura kwa kumwangalia. 2020 jimbo hilihili lilimpa Biden urais, siku hiyohiyo likampa Republican ukaguzi mkuu wa hesabu, Timothy DeFoor, Mmarekani mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo. 2022 Josh Shapiro wa Democratic akapata ugavana kwa pengo la kama asilimia 15. Wapigakura walewale.

Mzee wa Kemondo
Marahaba. Nimekuelewa nusu. Niko Bukoba, mnieleze na hili: 2016 Hillary alipata kura nyingi kuliko Trump nchi nzima, akashindwaje?

Karani
Huku rais anachaguliwa na wajumbe 538 waliogawiwa majimbo, mwenye 270 anashinda. Pennsylvania sasa ina 19, mwaka ule zilikuwa 20. Ukishinda hapa kwa kura moja au milioni moja unazoa zote. Hillary alijaza debe California, likamwagika. Trump alipenya hapa, Michigan na Wisconsin, majimbo yote matatu kwa pengo la chini ya asilimia moja. Ndiyo sababu matangazo yao ya televisheni tunalishwa sisi, California wanaangalia mpira kwa raha.

Mwanatanga
Nami niongeze la nyumbani. 2024 nimekaa na mke wangu mbele ya televisheni, imepita saa nane usiku, Tanga ni saa nne asubuhi, shangazi yuko kwenye simu ya video anasubiri. Jimbo letu likatangazwa kwa Trump. Mke wangu akanyanyuka akapiga vigelegele. Miaka kumi na moja ya ndoa! Nikamuuliza tangu lini? Akasema tangu bei ya chakula cha mtoto ipande na mimi sikuona. Kumbe tulikwenda kituo kimoja, gari moja, tukafutana kura, mafuta yameteketea bure. Shangazi alicheka mpaka simu ikamwanguka.

Nesi wa Bucks
Wangu hataki kuniambia alimpigia nani. Miaka mitano namuuliza.

Mwanatanga
Mtoto wa Uvira, Novemba 2026 kuna ugavana. Yule mzee wa treni anaelekea wapi safari hii? Nataka kuwawahi Tanga kabla hawajapiga simu.

Mtoto wa Uvira
Nilimuuliza juzi tukitoa theluji. Akasema bado anaangalia kiwanda. Halafu akaniuliza: na wewe? Nikamwambia muzee, mimi nilingojea miaka 28 kupata hiyo kura, acha ikae siri kidogo. Akacheka, akanisaidia kutoa theluji ya upande wangu.