Mjadala: Tusafishe maji kwanza, au tupunguze hewa ukaa kwanza?

Ipo hoja inayorudiwa sana na inayostahili kujibiwa kwa uzito wake. Inasema kwamba hakuna nchi moja inayoweza kuzuia joto la dunia, ilhali kila nchi inaweza kuzuia maji taka, mbolea na sumu za viwandani zisiingie katika mito yake, kwa hiyo fedha zielekezwe kwanza kwenye uchafuzi ulio karibu, na suala la tabianchi lisubiri makubaliano ya mataifa. Wanaoipinga hujibu kwamba joto likishapanda, usafi wote huo ni kazi bure. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, ingawa upande wa kwanza una ushahidi mzito kuliko wapinzani wake wanavyopenda kukubali.

Tutazame Bahari Nyeusi. Katika miaka ya 1970 na 1980, mbolea iliyosombwa na mito, hasa Danube, ilistawisha mwani kupita kiasi kwenye maji ya kaskazini-magharibi, na mwani huo ulipokufa na kuoza ulimaliza oksijeni ya chini, viumbe wa sakafuni wakafa kwa wingi. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, mashamba yalikosa mbolea, na katika muda wa miaka michache eneo lililokuwa limekosa oksijeni likapungua sana. Hakuna aliyeupanga uokoaji huo. Uliletwa na ufukara wa ghafla. Hata hivyo, asiyeamini kwamba mfumo wa ikolojia huweza kuinuka pale mzigo unapopunguzwa hana budi kuueleza mfano huu.

Hoja hiyo huanza kupwaya inapofika kwenye matumbawe. Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi na mwani wa chembe moja ndani ya mwili wake, na mwani huo ndio unaompa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto la kawaida la kilele cha kiangazi kwa takriban digrii 1 ya Selsiasi kwa wiki kadhaa, mnyama huutoa mwani huo nje, akabaki mweupe: bado yu hai, lakini ana njaa. Mwaka 2016 sehemu ya Great Barrier Reef, miamba mikubwa ya matumbawe ya Australia, iliyoumia zaidi kwa kupauka huko ilikuwa ya kaskazini, iliyo mbali na mashamba makubwa na miji, na watafiti waliolinganisha ubora wa maji na ukali wa kupauka hawakuona kwamba maji safi yaliyakinga matumbawe kwa kiasi cha maana. Faida ya usafi huja baadaye, kwa kuwa matumbawe machanga hupata mwamba wa kushika usiofunikwa na mwani. Lakini kupona huko huhitaji takriban miaka 10 au zaidi, nao mpauko mkubwa ulirudi 2017, 2020, 2022 na 2024.

Mfano unaonishawishi zaidi ni Ziwa Erie. Marekani na Kanada zilitia saini mkataba mwaka 1972, zikapunguza fosforasi, kirutubisho kinachostawisha mwani, iliyokuwa ikitoka kwenye mitambo ya maji taka na sabuni za kufulia, na ziwa ambalo magazeti yalishalitangaza limekufa likarejea. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 mwani ulianza kurudi, na Agosti 2014 wakazi wa Toledo, mji wa Marekani ulio kando ya ziwa hilo, waliambiwa wasinywe maji ya bomba, hata yakichemshwa, kwa sababu yalikuwa na sumu ya sianobakteria, yaani bakteria wa majini ambao kwa kawaida huitwa mwani pia. Sehemu kubwa ya kosa ni ya mashamba, ambayo mkataba wa awali haukuyabana vya kutosha. Lakini mvua kubwa za majira ya kuchipua, ambazo zimeongezeka kadiri hewa inavyopata joto, husomba fosforasi nyingi zaidi kutoka kwenye shamba lile lile, na maji ya vuguvugu huwapendelea sianobakteria. Mwaka 2016 nchi hizo zilikubaliana kupunguza fosforasi inayoingia upande wa magharibi na kati wa ziwa kwa asilimia 40 ikilinganishwa na mwaka 2008.

Kwa hiyo kupanga foleni kati ya mambo haya mawili ni kujidanganya. Kiwango cha mbolea ambacho ziwa liliweza kukivumilia katika tabianchi ya miaka ya 1970 hakivumiliki leo, na kila mwaka wa kuchelewa kupunguza hewa ukaa unaifanya kazi ya usafi kuwa ngumu na ghali zaidi. Najua wapo watakaosema kwamba ukataji wa misitu na uvuvi wa kupindukia huangamiza viumbe wengi kuliko haya yote, na tathmini ya mwaka 2019 ya IPBES, jopo la kimataifa la sayansi ya bioanuwai, inawaunga mkono. Lakini hilo haliwapi ruhusa wachafuzi wa aina nyingine.

Swali langu kwa wanaotaka usafi utangulie ni hili: viwango vya uchafuzi mnavyovipigania vimekokotolewa kwa mvua na joto la miaka ipi?