Mrejesho: Wasifu wa marehemu baba

Habari zenu wakuu. Ni mimi niliyeomba ushauri wa kuandika wasifu wa baba wa kusomwa msibani. Tumeshampumzisha kwao Makambako. Nawashukuru wote kwa rambirambi na mawazo.

Nilimfuata yule aliyesema niache mlolongo wa vyeo na tarehe, niwatafute waliofanya naye kazi. Baba alikuwa fundi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, tangu enzi za ujenzi wake na Wachina, 1970 hadi 1975. Mzee mwenzake akanisimulia jinsi baba alivyojifunzia kambini kuhesabu Kichina. Wajukuu wakadakia: kumbe ndivyo babu alivyokuwa akiwagawia karanga, "yi, er, san," na anayekosea anarudi mwisho wa foleni! Tukaliingiza hilo, watu wakacheka huku wanajifuta machozi.

Wazo la mjukuu kusoma badala yangu lilifanikiwa nusu. Binti alisoma vizuri hadi kipande cha mama na ndoa yao, sauti ikakata, shemeji akamalizia. Ila kurekodi maneno ya mama ili yasikike kwenye spika hakukufaa kabisa. Jenereta lilimeza kila kitu, na mchungaji alishaanza kutazama saa. Tutayacheza kwenye arobaini, ndani, bila jenereta.

Kwa atakayepita hapa baadaye: kurasa mbili zilitosha, na aanze kwa kuwauliza wazee wa kazini, maana sisi watoto mengi hatuyajui. Aliyependekeza shairi anisamehe, mama alikataa katakata.