Uhura watatu wa Star Trek: nani kamtendea haki zaidi?

Binti Pangani
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza kuangalia Strange New Worlds, mmoja wa mifululizo mipya ya Star Trek, na kuna jambo limenikaa rohoni, nimeona nililete hapa kwa wapenzi wa Star Trek.

Kwa ambao hawajafuatilia: Star Trek ni hadithi za televisheni na sinema kuhusu safari za angani, na Uhura ni afisa wa mawasiliano wa chombo cha anga Enterprise, na jina lake limetoka kwenye neno letu, uhuru. Nichelle Nichols alisimulia mwenyewe kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu chenye neno hilo kwenye jalada. Gene Roddenberry, aliyebuni mfululizo huo, akalipenda, kisha mwisho wake ukalainishwa likawa Uhura. Walioigiza nafasi hiyo kwa sura zao ni watatu. Nichols alianza mwaka 1966 na kumaliza na filamu ya 1991. Zoe Saldaña yuko kwenye filamu za 2009, 2013 na 2016. Celia Rose Gooding ndiye wa sasa, tangu 2022, kwenye hiyo Strange New Worlds.

Kura yangu nampa Gooding, na sababu yangu ni sehemu ya pili tu ya msimu wa kwanza. Uhura bado ni mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo, kaalikwa chakula cha jioni chumbani kwa Kapteni Pike, nahodha wa Enterprise. Anaulizwa kwa nini alijiunga na Starfleet, kikosi chenye vyombo hivyo vya anga. Anajibu kwamba wazazi wake na kaka yake walikufa kwenye ajali, akakimbilia huko, na hana uhakika kama ndiko anakotaka kuwa. Tazameni uso wake pale. Halii, wala hatafuti huruma ya mtu. Anasema kama anayesoma orodha ya vitu vilivyopotea. Sehemu hiyohiyo inamfikisha ndani ya kimondo kisichosikia lugha yoyote kati ya zile 37 anazozijua, mpaka anapovumisha wimbo wa kienyeji wa Kenya, jiwe likamjibu kwa mwanga. Nywele zilinisimama.

Nyie mnaonaje?

Mzee wa Antena
Binti yangu, kwa heshima zote, unalinganisha mtu aliyepewa shamba zima na mtu aliyepewa tuta moja. Nichols alipewa nini? Kifaa cha fedha sikioni, kiti nyuma ya nahodha, na sentensi ileile ya kutangaza kwamba masafa ya mawasiliano yako wazi. Mistari yake ilikuwa inakatwa kila mara mpaka baada ya msimu wa kwanza akataka kuondoka arudi jukwaani. Aliyemzuia ni Martin Luther King. Walikutana kwenye hafla, King akamwambia yeye ni shabiki wake na kwamba asithubutu kuiacha nafasi ile, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu wanamwona mwanamke mweusi akiwa afisa mwenye taaluma yake, si mtumishi wa jikoni. Hayo aliyasimulia mwenyewe miaka mingi.

Na bado, kwa tuta lile moja, mtazame alivyokaa. Mgongo umenyooka, mkono sikioni, shingo imegeuka kidogo kuelekea kwa nahodha. Hata asipoongea unajua kuna mtu anafanya kazi pale. Huo ndio uigizaji. Kuigiza ukipewa machozi na wimbo ni jambo moja, kuigiza usipopewa kitu ni jambo jingine.

Nahodha_Kisumu
Nakubaliana na Mzee kuhusu mistari, lakini mbona hakuna anayemtaja Saldaña? Chukueni filamu ya 1991. Enterprise inaingia eneo la Waklingoni, wale wapiganaji wa sayari nyingine, mlinzi wa mpakani anauliza wao ni nani, na Uhura, mtaalamu wa mawasiliano wa miaka yote hiyo, anahangaika na makamusi ya karatasi huku wenzake wakimpekulia kurasa. Kiklingoni chake kimevunjika vipande vipande. Nichols aliipinga sehemu ile, na alikuwa na haki.

Halafu njoo 2013. Wamezingirwa na Waklingoni. Nahodha Kirk anataka kupigana, Uhura anamwambia amemleta kwa sababu anajua lugha yao, basi amwache aongee. Anashuka peke yake na kusimama mbele ya watu wenye silaha, anazungumza nao lugha yao bila kigugumizi. Baadaye risasi zinalia, sawa, lakini zile dakika mbili zilifuta aibu ya 1991. Kwangu Saldaña ndiye aliyemrudishia Uhura taaluma yake.

Binti Pangani
@Nahodha_Kisumu hapo umenigusa kaka, ile sehemu naikumbuka. Tatizo langu na filamu zile ni kwamba ukimtoa Spock, yule afisa mwenzake na mpenzi wake kutoka sayari ya Vulcan, Uhura anabaki na nini? Ugomvi wake ni wa mapenzi, mkufu wake ni wa Spock, hata jina lake la kwanza, Nyota, tunalisikia kinywani mwa Spock kwenye filamu ya 2009. Saldaña anaigiza vizuri sana, sina neno naye. Lakini aliandikwa kama mchumba wa mtu.

Mwana wa Kibokoni
Salaam kwenu nyote. Mie nina neno juu ya hilo jina. Nyota ya Uhuru! Hebu likumbukeni lilikuja wakati gani. Tanganyika ilipopata uhuru 1961 mwenge ukawashwa juu ya Kilimanjaro. Kenya ikafuata Desemba 1963. Miaka mitatu isiyotimia baadaye, Septemba 1966, neno lilelile, ingawa kwa herufi moja iliyogeuzwa, linatajwa kwenye televisheni ya Marekani, na mwenye nalo kakaa kwenye chombo cha nyota akiwa na cheo. Mamangu mkubwa alikuwa akisema "Uhuru" kila anapomwona, wala hakukubali kusahihishwa.

Kwa hivyo suala langu ni jingine. Kati ya hao watatu hakuna Mkenya hata mmoja, wala mtoto wa Kiswahili. Nichols na Gooding ni Wamarekani, Saldaña ana asili ya Jamhuri ya Dominika na Puerto Rico. Lupita Nyong'o yupo, na kwenye Star Wars ya 2015 walimpa kiumbe cha kompyuta, sura yake haikuonekana. Hamuoni kwamba tunagombea nani kavaa vizuri kanzu ambayo mwenyewe hajawahi kuvishwa?

Nahodha_Kisumu
Hapo ndugu yangu umesema kitu kizito. Ila tukienda hivyo, Spock naye tumtafute kwenye sayari ya Vulcan? Mimi natazama kama mtu kaubeba uhusika. Ninachodai ni kwamba Kiswahili kikitamkwa kitamkwe sawasawa. Katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, The Man Trap, lile jitu linalokula chumvi linajigeuza mwanamume mweusi na kumsemesha Uhura Kiswahili. Nilirudia mara tatu kabla ya kushika neno. Hapo mtoto wa Mombasa angewafaa, hata kama ni wa kuwafundisha matamshi tu.

Dada wa Minneapolis
Naingia nikiwa nimechelewa, huku ndiyo kwanza asubuhi. Niongeze upande ambao hamjaugusa. Nichols hakuishia kwenye kamera. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi na NASA kuwaita wanawake na watu weusi waombe nafasi za uanaanga, na kundi lililochaguliwa 1978 lilikuwa na Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kufika angani, na Guion Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza kufika huko, ndani yake. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, mwaka 1992, amesema wazi kwamba Uhura ndiye aliyemtia hamu. Akiwa huko juu alikuwa akianza zamu yake kwa ile sentensi ya Uhura ambayo Mzee ameiita tuta moja.

Mimi ni muuguzi, zamu zangu nyingi ni za usiku. Nikivaa kifaa cha sikioni kuzungumza na wadi nyingine huwa namkumbuka. Kura yangu ni ya Nichols na haitabadilika.

Binti Pangani
Asante dada, na pole na zamu. Mzee, nimeusoma tena ujumbe wako. Kuhusu tuta na shamba nakubali. Lakini hilo halimpunguzii Gooding, kwa sababu shamba nalo linaweza kumshinda mtu. Hemmer, yule fundi mkuu, alipokufa mwishoni mwa msimu wa kwanza, msimu wa pili ukampa Uhura sehemu nzima ya kumwona marehemu kila kona, na Gooding akaonyesha msiba kama tunavyoujua sisi: mtu anaendelea na kazi, anajibu salamu, halafu anaganda katikati ya ukumbi. Ile imenishinda kuisahau.

Mzee wa Antena
Sikatai, binti yangu, mtoto yule anajua. Ila nikuombe kitu kimoja kabla hujafunga kura. Itafute The Changeling ya mwaka 1967. Mashine inamfuta Uhura akili yote, wanamfundisha kusoma upya kama mtoto wa chekechea. Neno la Kiingereza la rangi ya buluu linamshinda kulitamka. Akikasirika, kinachomtoka ni Kiswahili, na nesi anamrudisha kwenye Kiingereza. Kila kitu kimefutwa, ila hicho kimebaki. Mtazame Nichols uso wake pale, kisha urudi uniambie.

Binti Pangani
Hiyo sijawahi kuiona, Mzee. Ni msimu gani?

Mzee wa Antena
Wa pili, sehemu ya tatu. Weka sauti juu.