Tupeane uzoefu: Umewahi kuandaa rali ndefu ya pikipiki kwa wanaoanza? Ilikuwaje?

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Kuna watu tisa wameniomba tena niwaandalie rali, na safari hii sishiki ramani kabla sijawasikia ninyi. Nyuma yangu ipo rali moja ya wanaoanza ambayo niliivuruga mwenyewe. Naanza na hiyo, msije mkasema nimekuja mikono mitupu.

Kosa langu ni kwamba nilipanga kwa kufuata makalio yangu. Safari ndefu nimezizoea. Nilishatimiza kile kipimo kinachoitwa SaddleSore 1000, maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Mtu wa hivyo akiona kilomita 640 anaona matembezi. Nikapiga hesabu za kitoto: mwendo wa 90, saa saba na ushee, tuseme kumi pamoja na mapumziko. Tukaondoka saa 12 asubuhi. Wa mwisho aliingia saa 3 usiku. Saa 15!

Zilikwenda wapi? Dashibodi inasoma 90 lakini njia ina makutano, kona na malori, kwa hiyo wastani wa kweli tukiwa barabarani ulikuwa 75. Halafu mafuta. Pikipiki kumi kwenye pampu moja, kila mtu avue glavu, atafute pochi, aende msalani, arudi, avae upya: dakika 40 zimeyeyuka, na tulisimama mara nne. Ikaja pancha, saa nzima. Na kadiri watu walivyochoka ndivyo kila kituo kilivyorefuka.

Ila kilichonikaa rohoni ni kijana mmoja. Tulipofika akazima pikipiki, mkono wa kushoto ukagoma kuachia. Vidole viwili vya kati vilikuwa vimejikunja juu ya klachi kama ndoana. Akawa anavikunjua kimoja kimoja kwa mkono wa kulia, anacheka, lakini machozi yanamlenga. Siku nzima hakusema neno. Na mimi kiongozi nilikuwa mbele naangalia barabara.

Haya, umeandaa, umeshiriki, umefunga mkia (yule anayekaa wa mwisho kuchunga msafara)? Mwaga. Mafanikio sawa, ila makosa ndiyo nayataka zaidi.

#2

Kwenye mafuta, mkuu, pima kwa tangi dogo kuliko yote kwenye msafara, si la kwako. Sisi tulikuwa na moja ya lita 10. Mwenyewe alisema inakula lita moja kwa kilomita 30, tukaandika 300. Kumbe hiyo ni akizurura mjini taratibu. Kwa mwendo mkubwa, mzigo nyuma, upepo wa mbele, ikashuka hadi 22. Ikatuzimikia tukiwa bado mbali kabisa na kituo. Siku hizi kituo kila kilomita 150, hata kama matangi yote yamejaa. Hapo hapo miguu inanyooshwa.

Na msijaze kwa kupanga foleni ya kulipa mmoja mmoja. Changeni kabla, mtu mmoja alipe kwa wote. Kwetu dakika 40 zimeshuka hadi 15.

#3

Mimi niliachana na msafara kabisa, nikaenda kwenye rali ya pointi. Nimeandaa tatu za namna hiyo kwa wageni, na ya kwanza ilikuwa kichekesho, kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu.

Kwa asiyejua: kila mshiriki anapewa orodha ya sehemu, kila sehemu ina pointi zake kulingana na umbali na ugumu wa kuifikia. Anapanga njia mwenyewe, anafika, anapiga picha ya pikipiki pamoja na kibendera chenye namba yake, anaandika muda na kilomita zilizoonyeshwa kwenye odomita, anaondoka. Mwisho wa muda anarudi mezani tunakokagua. Ndiyo mtindo wa Iron Butt Rally ya Marekani, ile ya siku 11 iliyoanza mwaka 1984, ila mimi nilifupisha ikawa saa nane.

Uzuri wake kwa anayeanza ni kwamba hakuna anayemfukuzia mtu. Hauoni taa ya mwenzako inapotelea mbele ukaanza kuvuta mafuta ili usiachwe. Unaweza kwenda na rafiki, unaweza kwenda peke yako.

Kosa la kwanza: niliweka sehemu 20 ambazo kwa hesabu zangu mtu mwepesi angeweza kuzimaliza zote. Wakataka kuzimaliza zote! Watu walirudi wamekunja sura, wengine walikiri walikimbia kupita kiasi. Rali ya pili niliweka 40 zilizotawanyika kiasi kwamba hata malaika asingezimaliza kwa saa nane. Hapo ndipo wakaanza kukaa chini na ramani na kuchagua cha kuacha. Kabla ya kutangaza, naipitia mwenyewe njia ninayodhani itashinda: ikinidai wastani unaozidi 60 kwa saa, vituo vikiwemo, naisogeza mipaka ndani.

Kosa la pili lilikuwa pointi za kupumzika. Niliweka pointi 50 kwa atakayekaa sehemu moja dakika 45, athibitishe kwa picha mbili zenye muda. Hakukaa mtu. Sehemu ya mbali zaidi ilikuwa na 400, nani akae kwa 50? Nikaipandisha ikawa 400 nayo. Mwaka huo niliwakuta watu sita wamejilaza chini ya mti mmoja, kofia zao zimepangwa mstari, simu zinahesabu dakika. Mmoja anakoroma. Nilifurahi kuliko mshindi.

La tatu bado linaniuma. Dada mmoja, rali yake ya kwanza maishani, alifika mezani na picha ya sehemu kubwa kuliko zote. Picha nzuri, pikipiki imetoka vizuri, ila kidole gumba chake kimefunika namba ya kibendera. Sheria inasema namba isomeke. Nikakata. Alinyamaza, akachukua karatasi zake, hakuonekana tena kwenye rali zangu. Sheria nilikuwa sahihi nayo, lakini kwa wageni ilikuwa sheria ya kijinga. Sasa kila anayeshiriki mara ya kwanza ana msamaha mmoja, ameandikiwa kabisa kwenye kadi yake. Wakongwe wanalalamika. Walalamike.

#4

Dada #3, na anayechelewa kurudi unamfanyaje? Hapo ndipo mbio zinapozaliwa.

#3

Anakatwa pointi kidogo kwa kila dakika, mpaka dakika 60. Zamani dakika moja tu ikipita umetoka kwenye mashindano. Ni kweli ulivyosema, ile ilikuwa inawafanya watu wakimbie kilomita 20 za mwisho, tena wakiwa wamechoka. Sasa dakika tano hazimuui mtu.

#5

Mimi sijaandaa chochote. Nilikuwa mwanagenzi kwenye msafara wa watu 14, pikipiki yangu ya cc 150, na nitasema nilichoficha siku ile.

Usiku wa kuamkia safari nililala kidogo tu. Mchecheto. Saa 8 usiku nipo macho, nafungua begi nalifunga. Safari yenyewe ilikuwa tamu mpaka saa 10 jioni. Baada ya hapo nakumbuka vipande vipande. Kuna mahali nilishtuliwa na tairi la mbele likitetemeka kwenye kokoto za pembeni. Sikuwa nimeamua kwenda pembeni. Kwa mwendo wa 90 unameza mita 25 kila sekunde. Sijui nilipotea sekunde ngapi.

Tuliposimama, wote wakawa wanapiga soga na kutaniana, na mimi nikacheka nao. Nilionekana mzima. Sikusema kwa sababu nilijua jibu litakuwa "vumilia, bado kilomita 80 tu", na sikutaka kuwa yule aliyechelewesha wenzake. Tukafika saa 1 jioni, saa 17 tangu niamke. Baadaye sana ndipo nikasoma kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anapungukiwa wepesi karibu sawa na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Yaani nililetwa nyumbani nikiwa kama mlevi, katikati ya watu wanaonijali.

Kama kiongozi angeuliza "nani amechoka?" nisingeinua mkono. Alichotakiwa ni kusema "hapa tunalala dakika 20, wote, hata asiye na usingizi." Tena avue kofia yeye kwanza.

Jambo dogo jingine: vizibo vya masikio, vile vya sponji. Kelele ya upepo ndani ya kofia ukifika mwendo wa 100 inapita desibeli 90, na hakuna aliyeniambia. Nilidhani kichwa kinauma kwa njaa.

#6

Mimi ni mfunga mkia, miaka mingi. Fundi pia. Nakagua pikipiki zote kabla ya kuondoka.

Zamani nilikagua asubuhi ya safari. Makosa makubwa. Asubuhi ile mtu ameshaaga kwao, ameshapiga picha, wewe unamkuta na tairi kipara la nyuma, utamwambiaje? Niliwahi kumlegezea mmoja, "haya twende polepole." Mvua ikanyesha. Alianguka kwenye kona kwa mwendo wa baiskeli, mkono ukateguka, na kila nikimwona mpaka leo namwangalia mkono kwanza. Sasa ukaguzi ni siku saba kabla. Anayekosa ana wiki nzima ya kurekebisha, na mimi nina uso wa kukataa.

Asubuhi nabaki na upepo wa matairi yakiwa bado ya baridi, taa ya breki, na mizigo. Mizigo iangalieni sana. Wakongwe wanaangalia injini, lakini wageni wanaangushwa na mizigo. Niliona kwa macho yangu mpira wa kufungia begi ukilegea, ndoano yake ikapiga lami mara mbili tatu, cheche, kisha spoketi ya nyuma ikaudaka. Gurudumu likafunga hapo hapo. Jamaa aliburuzika mita kama 30 akiwa bado wima, kwa rehema za Mungu. Tulitumia nusu saa kuukata ule mpira kwa kisu, umejisokota kwenye cheni kama mzizi. Tangu hapo kwangu mikanda ya kubana tu, na ncha zake zichomekwe ndani.

Cheni nayo ikaguliwe mchana wa siku ya kwanza, hasa kama ni mpya. Mpya inalegea haraka.

#7

Sisi tunagawa makundi ya watano, na kwenye makutano tunaacha mtu. Kiongozi akifika njia panda, wa pili wake anasimama hapo kuwaelekeza wanaofuata, haondoki mpaka amwone mfunga mkia. Hakuna haja ya kukimbizana, hata ukiachwa kilomita tano utamkuta mtu anakuonyesha njia.

Lilitushinda siku moja tu. Binti aliyeachwa njia panda aliona koti jekundu linakuja, akajua ni mfunga mkia, akaondoka. Kumbe ni mwenzetu mwingine mwenye koti jekundu. Watatu waliobaki nyuma wakanyoosha moja kwa moja, tukawapata baada ya saa mbili. Binti alilia sana, na kosa halikuwa lake. Mfunga mkia sasa anavaa kizibao cha kuakisi mwanga cha rangi ambayo mwingine haruhusiwi kuvaa siku hiyo.

#8

Mbona mnahangaika? Rali ya wanaoanza isizidi kilomita 300 kwa siku. Kwisha.

#7

Naungana nawe kwa siku ya kwanza, mkuu. Ila wapo wanaokuja kwa sababu wanataka kujua kama 500 wanaiweza. Hao wape 500 yenye milango ya kutokea. Kwenye ramani yetu tunachora sehemu mbili tatu za kukatisha na kurudi kwa njia fupi, na tunazisoma kwa sauti kabla ya kuondoka, ili anayekatisha aonekane amechagua njia, asionekane ameshindwa. Sharti ni moja: ukikatisha, piga simu. Kuna mwaka tulikaa mpaka saa 6 usiku tukimsubiri mtu, wengine wameshageuza kwenda kumtafuta gizani. Alikuwa kwake amelala tangu jioni. Aliona aibu kupiga.

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, nimewasoma wote, wengine mara mbili. #5, ahsante kwa kusema, najua si rahisi. Nimeshafuta kilomita 640. Siku ya kwanza 280, ya pili mtu achague kati ya 300 na 480. Ukaguzi siku saba kabla. Usingizi wa dakika 20 ni lazima, na mimi ndiye nitavua kofia wa kwanza. Pointi za #3 nazihifadhi kwa mwakani, nikishapata watu wa kukaa mezani.

#6

Vizuri mkuu. Na yule kijana wa vidole, umemwita tena?

#1 – Mwanzisha uzi

Yumo kwenye hao tisa. Juzi alikuja nikaikagua pikipiki yake, nikabana klachi mara moja tu nikaelewa. Waya ulikuwa mkavu, umeanza kukatika nyuzi ndani ya ganda lake. Ngumu ajabu, hata mimi nisingefika nayo kilomita 100. Tukabadilisha, haikuchukua nusu saa. Akabana, akaachia, akabana tena, kisha akaniangalia. Alikuwa nayo hivyo tangu siku aliyoinunua, akidhani pikipiki zote ndivyo zilivyo.