Wazazi wafupi, chotara mrefu: mtama huu una nini?

Swali
Wadau, mzazi jike wa mtama ana mita 1.2 na dume vivyo hivyo, lakini chotara inafika mita 2.1 shamba zima, na upepo unailaza. Ni nguvu ya uchotara tu? Halafu kila msimu mimea michache mirefu huchomoza ndani ya laini (ukoo safi wa mbegu) ya jike, ingawa shamba limetengwa vizuri.

Jibu 1
Nguvu ya uchotara huongeza urefu, ila si karibu mita nzima. Urefu wa mtama huamuliwa hasa na jeni nne, Dw1 hadi Dw4, zilizoelezwa na Quinby na Karper mwaka 1954. Aleli (toleo la jeni) ya urefu, Dw, hutawala ile ya ufupi, dw, ingawa si kikamilifu. Inaelekea jike ni dw1 Dw2 dw3 na dume ni Dw1 dw2 dw3: kila mmoja ana ufupi wake, na mwenzake anaufuta. Kwa mtama wa malisho watu hupanga hivyo makusudi.

Hesabu majani kwanza. Yakilingana na ya wazazi huku pingili zikiwa ndefu, chanzo ni jeni za Dw. Yakizidi na mtama ukachelewa kuchanua, tazama jeni za ukomavu, zinazoamua siku ya kuchanua. Kisha otesha F2 (watoto wa chotara aliyejichavusha) mimea 160: tarajia takriban 90 mirefu, 60 kama wazazi, 10 mifupi mno.

Jibu 2
Dawa ni kubadili dume. Lichavushe na dume jingine la dw1 Dw2 dw3, kisha katika F2 chagua mimea mifupi. Kwa macho huwezi kujua ni dw1 au dw2 iliyoifupisha, kwa hiyo kila mmoja uuchavushe kwa jike lako. Watoto wote wakiwa wafupi, umepata dw1 dw1, yaani nakala zote mbili ni za ufupi.

Jibu 3
Ile mirefu michache ni dw3 iliyorudi kuwa Dw3. Jeni hiyo husafirisha oksini, homoni ya ukuaji wa mmea. Kwenye dw3 kipande cha jozi 882 za besi (herufi za DNA) kimejirudia, na nakala moja ikidondoka wakati kromosomu zinapobadilishana vipande, jeni huamka. Mmea hufanana na wenzake kwa suke, rangi ya punje na siku ya kuchanua. Pingili za chini tu ndizo zimerefuka. Ukitofautiana na kwa mengine, ni chavua ya nje.

Muulizaji
Niing'oe kwenye jike tasa (lisilotoa chavua) peke yake?

Jibu 3
Hapana, anza na laini B, pacha wake mwenye chavua anayelitunza, kabla mimea haijamwaga chavua. Kwenye jike tasa ng'oa pia, maana nusu ya mbegu za mmea huo hubeba Dw3. Laini zenye dw3 thabiti, isiyorudi nyuma, zipo, ukizipata, badili.