Mtawa mlevi leveli ya 6: rungu likimkosa na kumwangukia mwingine, AC (namba ya ulinzi ambayo shambulio lazima liifikie) inahesabiwa?

MuongozaMezaIlala:
Wakuu, salaam. Naendesha Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kete) toleo la tano, vitabu vya 2014, na mezani kwangu kuna dogo anacheza mtawa mlevi kutoka kitabu cha Xanathar cha 2017. Tangu afike leveli ya 6 kila raundi ni kesi.

Juzi walibanwa ghalani, zimwi upande huu, askari wa deraya nzima upande ule. Zimwi likashusha rungu: kete ikatoa 4, jumlisha 6, jumla 10. Mtawa ana AC 17, nikasema limekosa. Dogo akatoa pointi 1 ya ki (nguvu ya ndani ya mtawa), akayumba, akasema rungu limwangukie yule askari. Haya, 10 inaingiaje kwenye AC 18? Akanifungulia kitabu na kunisomea kama hakimu. Tukabishana mpaka chai ikapoa.

La pili: anapiga mapigo yake mawili ya fimbo, anamkimbia adui, ndipo anatangaza mvua ya ngumi (ngumi mbili za ziada kwa ki 1) kwa mtu mwingine. Anadai kule kujitoa (kuondoka bila adui kumpiga) kunakokuja na mvua ya ngumi kunazilinda hata hatua alizokwisha kupiga.

La tatu, kibuyu. Kila zamu anapiga funda la mnazi na kudai nyongeza kwenye kete. Mimi nafikiria akizidisha nimpe hali ya sumu. Inaruhusiwa? Naomba kuwasilisha.

KeteYaIshirini:
Mkuu, kwenye rungu dogo yuko sahihi. Shambulio la karibu likimkosa, anatumia itikio lake (jibu la haraka nje ya zamu yake) na ki 1, na shambulio hilohilo linampata kiumbe mwingine anayemwona ndani ya futi 5. Hakuna kurusha upya wala AC ya huyo wa pili haiulizwi. Hata kete ikidondoka 1, maadamu imekosa inahesabika. Zimwi linarusha uharibifu wake wa kawaida, kete mbili za pande 8 jumlisha 4, wastani 13. Uchungu huo ni wa askari.

Breki zipo. Itikio ni moja kwa raundi, kwa hiyo akilitumia hapo hana tena la kudakia mshale. Hawezi kumrudishia aliyempiga. Mishale yenyewe haimo, ni mapigo ya karibu tu. Na wewe usimpange askari pua kwa pua na mtawa. Adui mwenye akili akiona mwenzake kala rungu namna ile, anasogea.

BintiWaNyali:
La pili mkatalie, kaka, tena bila huruma. Faida ya kujitoa inaanza pale anapotumia mvua ya ngumi. Akiondoka kabla, adui anapata pigo lake la fursa na mambo yameisha. Isitoshe, mvua ya ngumi inatakiwa ifuate papo hapo baada ya kitendo cha kushambulia, siyo baada ya matembezi. Akitaka kutoka salama, ngumi mbili azimalizie kwa huyohuyo aliye mbele yake, kisha aende zake na futi 10 za ziada. Hata mimi nina mtawa kama huyo. Kupiga na kupotea ndiyo raha yake yote, hana haja ya kuiba hatua.

MzeeWaKampeni:
Kuhusu mnazi: kitabu hakimdai hata tone. Leveli ya 3 kinampa ustadi wa vyombo vya kutengenezea pombe na ustadi wa maonyesho, maana huyu anaigiza. Ndivyo ilivyo zuiquan yenyewe kule China: miguu ya mlevi, kichwa kikavu. Nyongeza ya kete hakuna.

Hali ya sumu unaweza kumpa, wewe ndiye mwenye meza, lakini mwambie kabla hajanywa. Itamletea hasara (kurusha kete mbili na kuchukua ndogo) kwenye mashambulizi na majaribio ya uwezo. Ila cheka kwanza: leveli ya 10 kila mtawa anapata kinga dhidi ya sumu. Ukiihesabu pombe kuwa sumu, utakuwa na mtawa mlevi asiyeweza kulewa! Halafu leveli ya 11 ndipo anapewa uwezo wa kulipa ki 2 kufuta hasara kwenye kete moja. Mimi kwangu kibuyu ni cha maigizo, mapigano yanaendelea.

MuongozaMezaIlala:
Asanteni. Rungu nampa, hatua za nyuma simpi, mnazi anywe apendavyo bila nyongeza. Swali dogo la mwisho: mtawa akiangushwa chini, ni kweli anasimama kwa futi 5 tu badala ya nusu ya mwendo?

BintiWaNyali:
Kweli, tangu leveli hiyo ya 6. Kama ni binadamu, ana 30, jumlisha 15 za utawa, jumlisha 10 za mvua ya ngumi, 55. Toa 5 za kusimama, bado ana 50. Mchawi wako muweke mbali zaidi ya hapo.