Dizeli imeganda kwenye vani, bima imekataa kulipia kuvutwa

Wa Shabab (Chemnitz):
Hamjambo ndugu zangu. Vani yangu ya vifurushi, ya Euro 6 (kiwango kipya cha moshi cha Ulaya), ilijazwa tangi 10 Novemba ikaegeshwa nje. Jumanne usiku baridi ikafika -14. Asubuhi iliwaka, ikaenda kama mita 300, ikakohoa, ikazima. Ikavutwa hadi gereji. Leo imekuja barua ya Schutzbrief, yaani bima ya msaada barabarani: mafuta hayakufaa msimu, kwa hiyo gharama ya kuvutwa ni juu yangu. Nina siku 14 za kujibu. Nani amewahi kuwajibu hawa watu, na niambatishe nini?

Wa Kibuye (Hamburg):
Pole sana kaka. Hapa Ujerumani dizeli inafuata kalenda ya EN 590, kiwango cha Ulaya cha dizeli. Kuanzia 1 Oktoba hadi 15 Novemba ni ya CFPP -10 (yaani inapita kwenye filta hadi nyuzi -10), kuanzia 16 Novemba hadi mwisho wa Februari ni ya -20, na kiangazi ni ya 0. Ulijaza siku sita kabla ya ile ya -20 kuanza. Tafuta risiti yenye tarehe, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ya kuambatisha.
Na gari kuwaka halafu kuzima ndiyo dalili yenyewe ya dizeli kushika nta kwa baridi. Mafuta yaliyokuwa ndani ya filta yalitosha mita hizo 300, kisha nta ikaziba. Usimruhusu mtu akuuzie betri.

Wa Molo (Leipzig):
Mimina lita 5 za petroli kwenye tangi, itayeyuka. Vitabu vya magari ya zamani viliruhusu.

Wa Kibuye (Hamburg):
Ya zamani, ndiyo. Euro 6 ni common rail, reli moja ya presha inayolisha nozo zote: pampu ya presha inalainishwa na dizeli yenyewe, na petroli haina ulaini huo. Pampu ikianza kujisaga, vyuma vidogo vinaingia kwenye reli na nozo zote, na hapo unabadilisha mfumo mzima. Tafadhali tusiandikiane mambo kama haya, kuna watu watayafuata.

Wa Kakamega (Malmö):
Hatua ni hizi. Acha kupiga stata. Sekunde 10, kisha pumzika dakika nzima, na ikikataa mara tatu achana nayo. Iingize mahali penye joto la nyuzi 10 na kuendelea, ilale humo usiku kucha. Tangi la lita 70 halipati joto kwa saa mbili. Kitambaa kilicholoweshwa maji moto kwenye filta kinasaidia, hata mashine ya kukausha nywele, lakini moto wa wazi au jiko la makaa chini ya gari, hapana kabisa. Paipu ni za plastiki.
Kisha badilisha filta. Kabla ya kuitoa, fungua skrubu ya chini ukinge mafuta kwenye chupa ya kioo. Maji yatakaa chini, nta itaonekana kama ukungu mweupe. Ukikuta vipande vya barafu, shida yako ni maji, wala si daraja la dizeli, na hoja ya bima inabadilika. Piga picha, tunza nusu lita.

Wa Molo (Leipzig):
Na filta mpya uijaze dizeli kwanza, usisahau.

Wa Kakamega (Malmö):
Usimimine upande wa ndani! Huo ndio unaoelekea kwenye pampu, na mafuta ya kopo hayajachujwa. Kama ina pampu ya mkono, bonyeza hadi iwe ngumu. Kama ni ya umeme, washa ufunguo bila stata, subiri pampu inyamaze, zima, rudia mara tatu au nne hadi hewa itoke.
Ile dawa ya kuzuia kuganda haiyeyushi nta iliyokwisha kushikana. Inawekwa mafuta yakiwa bado maangavu, kabla ya kujaza, ili ichanganyike.

Wa Kericho (Minneapolis):
Huku tunauziwa dizeli namba 1 ya baridi, karibu sawa na mafuta taa, na wengine wanachanganya. Mbona mnateseka?

Wa Kibuye (Hamburg):
Kwa sababu Ujerumani ushuru wa mafuta ya gari na wa mafuta ya kupasha nyumba ni tofauti. Mafuta ya kupasha nyumba yametiwa rangi nyekundu, ukikutwa nayo kwenye tangi ni kosa la kodi. Hata nyumbani Kenya, ule ushuru wa Sh18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018 ulikuja kwa sababu watu walikuwa wanaichanganya na dizeli.

Wa Kericho (Minneapolis):
Na nani aliumia? Mama wa Nyalenda, Kisumu, anayewasha taa na stovu. Aliyekuwa akichanganya alitafuta njia nyingine.

Fundi wa Nakuru (bado niko nyumbani):
Nawasoma. Timboroa ni zaidi ya mita 2,700, kuna ukungu na baridi ya kukata masikio, na bado sijaona dizeli ikishika nta hapo. Kwetu linalosumbua ni maji kwenye tangi. Jaza jioni, nafasi tupu ndiyo inayotoa jasho usiku. Mkipita Mau Summit mtuambie, tuwachomee mahindi.

Wa Molo (Leipzig):
Mzee umenikumbusha mbali. Viazi vya Molo na chai, na moshi wa jiko asubuhi.
Sasa, AdBlue, ile maji ya urea ya kusafisha moshi, huganda kwenye -11. Haiwezi kuwa ndiyo iliyozima vani?

Wa Kakamega (Malmö):
Hapana. Tangi lake lina hita, inayeyuka gari likiwa linaenda. Usimimine maji moto humo, utaharibu ile asilimia 32.5 ya urea.

Wa Shabab (Chemnitz):
Asanteni. Kwenye chupa kulikuwa na ukungu mweupe, maji hakuna hata tone. Filta mpya imeingia, nimeongeza lita 40 za -20, imewaka kwa mara ya pili. Risiti ya 10 Novemba ninayo. Lakini barua bado iko mezani na zimebaki siku tisa. Aliyewahi kuandika Widerspruch (barua ya kupinga) kwa Schutzbrief anitumie mfano, hata kama ni wa kesi nyingine.